Tazama vali kabla ya rangi: kayaki ya kujaza upepo na jiko la safari kwa anayeanza

Anayenunua kayaki ya kujaza upepo, yaani mtumbwi mwepesi wa kasia, kwa mara ya kwanza hutazama rangi, picha na idadi ya vitu vilivyomo ndani ya boksi. Anayenunua jiko dogo la gesi hutazama udogo wake. Wote wawili wanapitwa na kitu kile kile: vali, pale upepo au gesi inapoingilia na kuzuiliwa. Kayaki ya bei nafuu inatosha kabisa kwa maji yaliyotulia, na jiko la bei nafuu linatosha kwa chai na chakula cha watu wawili. Bana pesa kwenye mengine yote, lakini usibane kwenye vali, kwenye jaketi la kuokoa maisha wala kwenye muungano wa jiko na mtungi.

Kayaki za bei ya chini kabisa ni plastiki ya PVC peke yake, nyembamba, nyingi hazifiki milimita moja. Hatua moja juu yake kuna zile zenye kibofu cha ndani kilichovalishwa kitambaa kigumu cha poliesta. Ni sawa na mpira na tairi la baiskeli: mmoja unashika upepo, mwingine unapokea mikwaruzo. Mfuko ukiruhusu, chukua hii ya pili, kwa sababu kibofu kikitoboka unakitoa na kukiziba mezani, na jiwe la ufukweni linakutana na kitambaa kwanza. Zipo pia zenye sakafu ya nyuzi, ambayo ndani yake nyuzi nyingi sana zimeshika tabaka la juu na la chini ili ikijaa iwe bapa na ngumu kama ubao. Ni nzuri sana, na anayeanza hazihitaji.

Hesabu chemba, yaani vyumba vya upepo vilivyotenganishwa, zisipungue tatu: mbili za ubavuni na moja ya sakafu. Ubavu mmoja ukipasuka utarudi ufukweni umeinama upande, lakini utarudi. Chombo chenye chemba moja ni cha kuchezea kwenye bwawa la kuogelea.

Sasa vali yenyewe. Ile ya maboya ya watoto, unayoibana kwa vidole kisha kuisukuma ndani, ikubalike kwenye kiti na mto wa mgongo tu. Ubavuni iwepo vali ya Boston: ina hesi mbili, na katikati kiulimi cha mpira kinachoruhusu upepo kuingia na kuuzuia usitoke unapochomoa pampu. Ukifungua hesi ya chini, upepo wote hutoka kwa mkupuo. Vali ya Halkey-Roberts, yenye kipini cha kubonyeza, ni imara zaidi na ndiyo inayokaa kwenye sakafu za shinikizo kubwa. Vali ikivuja usiikatie tamaa haraka, maana mara nyingi ni punje ya mchanga iliyolala chini ya kiulimi. Ifungue, isuuze kwa maji safi, ipanguse, kisha uifunge.

Kayaki nyingi za PVC hujazwa kwa shinikizo dogo sana, karibu baa 0.07 hadi 0.1, yaani psi 1 hadi 1.5. Kiasi kamili kimechapishwa karibu na vali. Kwa kulinganisha, tairi la gari huhitaji psi 30 na kitu, kwa hiyo kompresa ya gari si kifaa cha kazi hii: kwenye ujazo mkubwa kama huu ni ya polepole, na ukiisahau inapasua. Tumia pampu ya mkono inayosukuma upepo ikipanda na ikishuka. Fuata mpangilio wa chemba ulioandikwa na mtengenezaji, jaza kila moja hadi ishike umbo, ndipo urudi kuziimarisha moja moja. Ukiimarisha ubavu mmoja kabla ya mwingine, sakafu hukaa mshazari na chombo hupinda.

Halafu kuna joto, jambo ambalo maelekezo mengi hulipitia kwa sentensi moja. Chukua kayaki iliyojazwa hadi baa 0.1 kwenye nyuzi joto 20. Ukijumlisha na shinikizo la hewa ya nje, ndani mna kama baa 1.1. Iache juani, hewa ya ndani ifike nyuzi 45. Shinikizo hilo la jumla linapanda kwa karibu asilimia 8.5 na kufika baa 1.19. Ondoa baa 1 ya nje, na kipimo kinasoma 0.19, karibu mara mbili ya kilichoruhusiwa. Plastiki itatanuka na kupunguza makali kidogo, lakini anayebeba mzigo ni maungio, na ndiyo maana kayaki nyingi hupasukia nchi kavu zikiwa hazina mtu. Kinyume chake pia ni kweli: iliyojazwa kwenye joto na kuteremshwa kwenye maji baridi hulegea ndani ya dakika kumi. Anayeanza hudhani inavuja. Iache ipoe majini, ongeza mapigo machache ya pampu, ndipo uondoke. Ukitoka kupumzika, iweke kivulini au uitoe upepo kidogo.

Mzigo nao una hesabu yake. Maneno "watu wawili" kwenye boksi yana maana ya viti viwili, si zaidi. Tuseme kikomo kilichoandikwa ni kilo 180. Watu wawili wa kilo 75 ni 150. Maji ya kunywa lita 10 ni kilo 10, na hema, matandiko, jiko, sufuria na chakula havipungui 15. Umefika 175, chombo kimezama hadi karibu na ukingo, kila wimbi dogo linaingia ndani na kasia linagonga maji yasiyosogea. Panga kutumia asilimia 70 ya kikomo. Hapa ni kilo 126, yaani mtu mzima mmoja na mizigo yake, au mtu mzima na mtoto bila vya kulala. Ukiwa peke yako kwenye kayaki ya viti viwili, sogeza kiti karibu na katikati. Ukikaa tezi, yaani nyuma, omo ya mbele inanyanyuka na upepo unaigeuza kama bendera.

Hilo la upepo ndilo linalowaumbua wengi, kwani chombo hiki ni chepesi na kimekaa juu ya maji kuliko ndani yake. Anza safari kwa kuelekea joshi, kule upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi ukiwa umechoka upepo ukusukume nyumbani. Povu jeupe likianza kuonekana juu ya mawimbi, baki nchi kavu. Pezi dogo la chini ya tezi lisisahaulike kwenye mfuko: bila hilo kayaki huzunguka kwa kila pigo la kasia, na mwenyewe hulaumu mikono yake. Kasia linalokuja na seti mara nyingi ni fupi. Kwa chombo kipana hivi sentimita 230 hadi 240 ndio urefu unaofaa, vinginevyo vifundo vya mikono vinasugua ubavuni mwa kayaki siku nzima.

Jaketi linunuliwe peke yake na kwa mtu mahususi. Lile la newton 50 (kipimo cha nguvu yake ya kukuelesha) humsaidia anayejua kuogelea, ila halimgeuzi aliyezimia awe chali. Asiyejua kuogelea avae la newton 100, alifunge mikanda yote, kisha mtu mwingine alivute mabegani kwenda juu. Likipanda hadi masikioni, si la saizi yake.

Kwenye jiko ushauri wetu ni mfupi: anayeanza anunue jiko la gesi la kufungwa kwa hesi juu ya mtungi, la muundo rahisi kabisa. Majiko ya mafuta yanahitaji kupashwa kabla ya kuwaka, na moto wake wa mwanzo humtisha asiyeuzoea. Jiko la spiriti, mfano lile la Trangia kutoka Sweden, halina kitu cha kuharibika na tunalipenda, lakini ni la polepole na mwali wake hauonekani mchana. Kuna wanaoongeza spiriti wakidhani moto umezimika, na mwali ukarukia chupa mkononi. Jiko dogo la vipande vya mafuta makavu liwe la akiba.

Mtungi wa hesi huuzwa kwa ujazo wa karibu gramu 100, 230 na 450. Soma mchanganyiko wake. Butani hugeuka mvuke kwenye takriban nyuzi 0, isobutani karibu hasi 12, propani hasi 42. Mtungi wenye butani peke yake hufifia asubuhi ya baridi, hata ukiwa umejaa. Isitoshe, gesi inapotoka mtungi hujipoza wenyewe, hivyo mwali hudhoofu hata mahali penye hali nzuri. Uweke mtungi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, lakini kamwe usiupashe kwa moto.

Kufunga jiko: fanyia nje, mbali na moto wowote, kitufe cha jiko kikiwa kimefungwa. Mtungi usimame wima. Zungusha jiko kinyume kwanza hadi uhisi hesi imedondokea mahali pake, ndipo ulikaze kwa vidole tu. Ukisikia mlio mfupi wa gesi kisha kimya, ni kawaida. Mlio ukiendelea, fungua utazame ringi ya mpira ndani ya kichwa cha jiko, kama imepasuka, imekauka au haipo. Paka maji ya sabuni kwenye muungano, na povu likiumuka, jiko hilo halitumiki. Hapa ndipo jiko la bei ya kutupa hujulikana: hesi iliyochongwa vibaya na ringi nyembamba. Kiwashio cha kubonyeza, wanachokitangaza sana, huzimika kwa unyevu, hivyo beba kiberiti kwenye mfuko usioingiza maji.

Lita moja ya maji kwenye hali tulivu hula gramu 12 hadi 15 za gesi. Watu wawili wakichemsha lita 2.5 kwa siku kwa siku mbili, ni lita 5, kama gramu 75. Mtungi wa 100 unaonekana kutosha, mpaka upepo uvume na matumizi yaongezeke maradufu. Chukua wa 230. Kuzuia upepo ni lazima, lakini usilizungushie jiko la aina hii bati pande zote: joto hurudi kwenye mtungi ulio chini yake, nao unaweza kulipuka. Kinga upande mmoja, ukiacha mwingine wazi, na ugusie mtungi mkono mara kwa mara. Ukiona ni moto, zima. Sufuria isizidi upana wa sentimita 18 au hivi, kwa kuwa kinachokaa juu kinapinduka. Usipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha, maana kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Kayaki na jiko vikisafiri pamoja vinahitaji umbali. Pika hatua kadhaa kutoka kwenye kayaki, upande ambao upepo haupelekei cheche kwake, na jiko lipoe kabisa kabla ya kurudi mfukoni. Mtungi uweke chini kwenye kivuli, maana mitungi mingi imeandikwa isizidi nyuzi 50 na mfuko mweusi juu ya sitaha hufika huko kwa urahisi.

Ukirudi nyumbani, suuza kayaki kwa maji yasiyo na chumvi, fungua vali zote, ikaushe hadi kwenye mikunjo. Ikikunjwa na unyevu huota ukungu na kunuka. Palipotoboka, pafute kwa spiriti, kata kiraka cha mviringo kinachozidi tundu sentimita 3 kila upande, paka gundi ya PVC pande zote mbili, subiri inate, bandika, kandamiza, na uipe saa 24 kabla ya kujaza. Mtungi ulioanza kutumika upime kwenye mzani wa jikoni. Kama uliandika uzito wake chini ya kitako ulipokuwa mpya, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo gesi iliyokwisha.