Pluto kuondolewa ni sawa, ila sheria iliyoiondoa ina matobo

Mjadala wa Pluto kuondolewa kwenye orodha ya sayari ukiibuka tu watu wanagawanyika, wapo wanaosema ilionewa na wapo wanaosema haikustahili tangu mwanzo. Mimi nipo na walioiondoa, ila kiukweli ile sheria waliyoandika ina matobo na ndo maana ugomvi hauishi.

Clyde Tombaugh aliigundua 1930 kule Arizona, ikahesabiwa sayari ya tisa. Shida ikaanza 1992, wataalamu wakawa wanaona vitu vingine vya barafu huko nje ya Neptune, kimoja baada ya kingine, eneo lote linaitwa mkanda wa Kuiper, halafu 2005 timu ya mwanaastronomia Mike Brown ikatangaza Eris, kitu kingine cha huko, ambayo tungamo lake (yaani kiasi cha maada iliyomo) linalizidi la Pluto kwa zaidi ya robo. Sasa unaipaje Pluto usayari halafu unainyima Eris?

Agosti 2006 umoja wa kimataifa wa wanaastronomia, IAU, ukakutana Prague. Rasimu ya kwanza ilitaka sayari ziwe 12, ikapingwa vikali, na tarehe 24 wakapitisha vigezo vitatu: kitu kilizunguke Jua, kiwe kizito hadi uvutano wake ukifanye duara, na kiwe kimesafisha njia yake, yaani kimeviondoa au kuvitawala vitu vingine vya jirani. Pluto ikafeli cha tatu, ikawa sayari kibete. Waliopiga kura ni kama 424 tu wakati umoja una wanachama maelfu, hilo lalamiko mimi nalielewa kabisa.

Lakini mbona haikuwa mara ya kwanza! Ceres iligunduliwa 1801 na Giuseppe Piazzi huko Palermo, ikaitwa sayari kwa miongo kadhaa, baadaye zikaonekana Pallas, Juno, Vesta na nyingine kibao kwenye eneo lilelile, ikabidi zote zihamishiwe kwenye asteroidi, yaani miamba midogo inayozunguka Jua, na leo hakuna anayeililia Ceres.

Upande wa pili nao wana hoja nzito. Alan Stern, aliyeongoza safari ya New Horizons, chombo kilichotumwa Pluto, anasema sayari ipimwe kwa ilivyo yenyewe, siyo kwa majirani zake. Na chombo chake kilipopita pale Julai 14, 2015 tuliona maajabu: uwanda mkubwa wa barafu ya naitrojeni ambao hauna hata shimo moja la kimondo la kuonekana, maana yake barafu inajigeuza na kujifuta makovu yenyewe, na pembeni milima ya barafu ya maji inayopanda zaidi ya mita 3,000. Kwa mtu wa jiolojia hiyo ni sayari kabisa. Ila ukifuata umbo na jiolojia peke yake, Mwezi wetu nao unaingia, na Ganymede, mwezi wa Mshtarii (Jupita), ni pana kuliko sayari ya Utaridi, na Stern na wenzake wanalikubali hilo bila shida.

Mimi linanikwamisha hapo, kwa sababu majirani wanakuambia kitu kilikuaje. Mwanaastronomia Steven Soter alipiga hesabu 2006: chukua tungamo la kitu ugawe kwa la vyote vilivyobaki kwenye eneo la njia yake, Dunia inapata zaidi ya milioni moja, Pluto haifiki hata sehemu moja ya kumi. Hilo pengo siyo la kubishania.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna namba yoyote iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe, "kusafisha njia" kila mtu anatafsiri anavyotaka, na kwa kutaja Jua wameziacha nje sayari zote za nyota nyingine wakati tumeshazijua zaidi ya 5,000. Ndo maana pendekezo la mwanaastronomia Jean-Luc Margot na wenzake, lililopelekwa kwenye mkutano wa IAU Cape Town Agosti 2024, naliunga mkono: wanataka sayari ipimwe kwa tungamo, na izunguke nyota yoyote. Kwa kipimo chao Pluto ingetakiwa iwe nzito zaidi ya mara saba ya ilivyo sasa.