Kabla ya kuongeza uzi wa tano kwenye gitaa la besi, pima shingo

Mpiga kinanda wa kwaya yetu ana kitufe anachokipenda kuliko vyote, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima bila yeye kuhamisha vidole. Mwalimu akisema wimbo ushuke kidogo kwa ajili ya sauti ya kwanza, yeye hubonyeza mara moja na kuendelea kupiga kana kwamba bado yuko kwenye E, ilhali kwaya nzima imeshahamia E flati, nusu hatua chini yake. Anayeachwa kwenye mataa ni mwenye gitaa la besi la nyuzi nne, kwa sababu uzi wake mnene kuliko yote unaishia E. E flati ya chini haipo. Itambidi aipige ile ya oktava ya juu, na wimbo unaelea bila sakafu.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitake uzi wa tano, nami naitaja mapema kwa kuwa wapo wanaoutaka kwa ajili ya kuonekana tu. Ukiufunga na kuutega kwenye B ya chini, uzi huo unakuongezea noti tano ambazo hukuwa nazo: B, C, C sharpu, D na E flati. Anayepiga nyimbo za dansi kwenye G, A au C na bendi isiyohamahama hazihitaji, na sioni kwa nini alitoboe gitaa lake.

Kwa anayezihitaji, maoni yangu ni kwamba gitaa la bei nafuu linaweza kubebeshwa uzi wa tano na likatumika kila Jumapili bila aibu, ingawa wajuzi wengi watakuambia ununue la nyuzi tano yaishe. Linaloharibu kazi hii ni mtu kuanzia kwenye kichwa cha gitaa, akidhani kutoboa tundu la ufunguo mpya wa kukazia uzi ndiyo shughuli yenyewe, wakati shughuli yenyewe iko upande wa pili kabisa, kwenye daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa.

Nitumie gitaa langu kama mfano. Shingo yake, pale kwenye kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi karibu na kichwa, ambacho hapa nitakiita kizingiti, ina upana wa milimita 42. Ukiacha nafasi ya pembeni ili uzi usiteleze nje, nyuzi tano zinakaa kwa umbali wa karibu milimita 9 kutoka uzi hadi uzi. Magitaa mengi ya nyuzi tano yaliyotoka kiwandani yana kizingiti cha milimita 45 hadi 48, kwa hiyo tofauti kwa kila nafasi ni milimita moja hivi, na mkono wa kushoto huizoea ndani ya wiki mbili. Kwenye daraja mambo ni mengine. Nyuzi nne hukaa kwa umbali wa milimita 19, jumla 57 kutoka uzi wa kwanza hadi wa mwisho, na shingo imechongwa kufuata upana huo. Ukiingiza uzi wa tano ndani ya eneo lilelile, kila nafasi inabaki na milimita 14 na ushei.

Mimi sikupiga hesabu hiyo. Nilinunua daraja jipya la nyuzi tano lenye nafasi za milimita 18, nikalifunga kwa skrubu sita, nikavuta nyuzi mbili za pembeni ili nione. Jumla ya upana ilikuwa milimita 72. Uzi wa G ulining'inia nje ya shingo kuanzia freti (kile kijichuma kinachokatiza shingo) ya kumi na mbili, na ule wa B vivyo hivyo upande wake. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, niliyekuwa naye hakucheka, jambo ninalomshukuru mpaka leo. Aliziba matundu ya skrubu kwa njiti za mbao na gundi, tukaanza upya kwa vidaraja vidogo vya uzi mmoja mmoja, tukavisugua ubavuni kwa tupa hadi vikakubali kukaa kwa milimita 14 na nusu. Angalizo moja: daraja la kawaida ni bamba moja linalogusana na waya wa ethi, lakini vidaraja vilivyotengana havigusani, na kile ambacho hakijaunganishwa kitakufanya usikie mngurumo kwenye spika kila unapogusa uzi wake pekee. Sisi tulipitisha ukanda mwembamba wa shaba chini ya vyote vitano.

Kichwani kazi ilikuwa nyepesi. Ufunguo mpya hauhitaji kubeba uzi mnene. Kampuni ya Music Man, ilipotoa gitaa lake la StingRay la nyuzi tano mwaka 1987, iliweka funguo nne upande mmoja na mmoja upande wa pili, na ule wa peke yake ni wa G, uzi mwembamba kuliko yote. Nasi tulihamisha kila uzi hatua moja: B ilikaa palipokuwa na E, E palipokuwa na A, na kuendelea, kisha G ikavuka kwenda kwenye ufunguo mpya. Hata ufunguo dhaifu unaumudu uzi wa milimita 1.1. B yenyewe ina unene wa milimita 3.3, kwa hiyo ilibidi nitafute uzi uliopunguzwa unene mwishoni ili uingie kwenye ufunguo wa zamani bila kuupanua.

Kizingiti nilikichonga kwa mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa na kukaushwa juani. Mifereji haipimwi kati kwa kati. Hupimwa kutoka ukingo wa uzi mmoja hadi ukingo wa unaofuata, la sivyo B itaikumbatia E. Chuma cha ndani ya shingo nilikikaza kidogo, kwa maana uzi mmoja huongeza mvuto wa kilo 16 hivi.

Kuhusu sauti, nisidanganye. E ya chini hutetema kama mara 41 kwa sekunde, B mara 31, na spika ndogo ya mazoezi haiitoi B yenyewe, hutoa kivuli chake. E flati, ambayo sasa iko freti ya nne ya uzi wa B, inasikika vizuri kwa spika za kanisa. Kudunda kwa kidole gumba nimeacha, nafasi hairuhusu.

Kwa anayesita, ipo njia isiyohitaji keekee: nunua seti ya nyuzi tano, uweke kando G, funga B, E, A na D kwenye gitaa lako la nyuzi nne, upanue mifereji ya kizingiti kidogo. Nilikaa hivyo mwezi mzima. Nilichokikosa ni ile G kwenye beti za mwisho, pale mpiga kinanda anapokibonyeza tena kile kitufe chake, safari hii kwenda juu.