Shairi la Mama wa Ohio na Shaka za Wahakiki

Juni 2016, mtu mwenye bunduki aliua watu 49 katika klabu ya Pulse mjini Orlando, Marekani. Mwezi huohuo jarida la mtandaoni la Waxwing lilichapisha "Good Bones", shairi fupi la Maggie Smith wa Ohio. Likasambaa simu hadi simu, hata kwa watu ambao shairi kwao liliishia darasani. Ndani yake mama anasema maisha ni mafupi na dunia, angalau nusu yake, inatisha, ila wanawe hawaambii. Mwishoni anakuwa kama dalali anayemtembeza mteja kwenye nyumba chakavu: boma ni zima, ukiitengeneza itapendeza.

Wapo wasioridhika na ushairi wa namna hii. Kwao ni nathari iliyokatwakatwa mistari, na kilichowaliza watu ni msiba, si shairi. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tunaielewa shaka hiyo. Mtanzania Euphrase Kezilahabi aliipata sana alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974.

Lakini lisome tena. Kauli ya kuwaficha watoto inarudi mara kwa mara kama kibwagizo, na kila inaporudi inabeba jambo zito zaidi. Huo ni ufundi, tena wa kutojionyesha. Msomaji hahitaji mwalimu wa kumfasiria. Mzazi yeyote amewahi kuzima redio habari mbaya zilipoanza.

Mwaka 1991 mshairi na mhakiki Dana Gioia alilalamika katika jarida la The Atlantic kwamba ushairi wa Marekani umejifungia vyuoni, washairi wakiandikiana wenyewe. Malalamiko hayo yamepungua nguvu, hayajafa. Utafiti wa taasisi ya serikali inayofadhili sanaa ulionyesha waliosoma ushairi walipanda kutoka asilimia 6.7 ya watu wazima mwaka 2012 hadi 11.7 mwaka 2017. Ongezeko kubwa, ingawa karibu tisa kati ya kumi hawakusoma hata beti moja.

Ninapokubaliana na wenye shaka ni kwa mshairi Amanda Gorman, aliyeghani shairi lake akiwa na miaka 22 Biden alipoapishwa kuwa rais Januari 2021. Sauti, mikono na lile koti la njano vilibeba kazi kubwa. Kwenye karatasi, sehemu nyingi zinabaki hotuba. La Smith halikuhitaji jukwaa.