Acheni Boriti Zipasuke

Usiku wa tatu baada ya kusimamisha kibanda changu cha bustani nilisikia mlio mkali, ta!, kama mtu amekanyaga kijiti kikavu. Nikatoka na tochi nikidhani ni mwizi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nguzo mbichi ya mwaloni, ule mti mgumu wa Ulaya, ya milimita 150 kwa 150, na ubavuni mwake ufa ambao jioni haukuwepo, umeanzia juu na kushuka kama shibiri mbili. Nikaingiza ukucha, ukaingia wote. Nilirudi kitandani nikipanga maneno ya kwenda kumwambia aliyeniuzia.

Sasa ufa ule unaingia ncha ya kidole changu cha mwisho, na kibanda hakijayumba hata kidogo. Ndiyo maana mtu akinijia na picha za boriti mbichi, yaani zisizokaushwa, zilizopasuka na kuniuliza afanye nini, jibu langu huwa moja: kaa utulie, kunywa maji.

Kwanza tukubaliane kwamba boriti nene na kavu ya mwaloni ni kitu cha nadra. Mti ukiangushwa, maji yaliyomo ndani yake huweza kufika asilimia 60 hadi 80 ya uzito ambao mbao ile ingekuwa nao ikiwa kavu kabisa. Mafundi hukisia kwamba mbao iliyopangwa vizuri penye hewa hukauka milimita 25 za unene kwa mwaka. Boriti ya milimita 200 basi ni miaka minane, na kwa unene huo hata miaka minane ni matumaini tu. Nani ana ghala la kufuga magogo muda wote huo?

Wazee nao hawakusubiri. Wanaosoma pete za miaka katika mbao za majengo ya kale ya Ulaya mara nyingi hukuta kwamba mti uliangushwa na kujengewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Na si mambo ya kale peke yake. Paa la Notre-Dame ya Paris lilipoteketea Aprili 15, 2019, kenchi mpya zilijengwa kwa mwaloni mbichi, na nyingi zilichongwa kwa shoka. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024 mbao zake zikiwa bado zinakauka. Shoka lile halikuwa la kupigia picha: shoka hufuata mkondo wa nyuzi za mti, ilhali msumeno hukata moja kwa moja bila kujali nyuzi zinaelekea wapi.

Samaki hukunjwa angali mbichi, na mwaloni nao huchongwa angali mbichi. Patasi inaingia, inatoa vipande vizito vyenye unyevu na harufu kama ya siki. Mkavu ni ugomvi mtupu. Nimewahi kuharibu keekee mbili kwenye boriti moja ya zamani kabla sijakata tamaa.

Nyufa zinatoka wapi? Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyomo katika uwazi wa seli, na hayo yakitoka mbao haibadiliki kitu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo kuta za seli zenyewe zinaanza kutoa maji na mbao inaanza kusinyaa. Tena haisinyai sawasawa. Urefu karibu hauguswi. Kuelekea kiini hupungua kama asilimia 4, lakini kwa kufuata mzunguko wa pete hupungua karibu mara mbili ya hapo. Ni kama mkanda unaokazwa kiunoni haraka kuliko tumbo linavyopungua: mahali fulani utakatika. Boriti iliyobaki na kiini cha mti katikati lazima ipasuke kutoka nje kuelekea ndani, na haina namna nyingine.

Ufa wa aina hiyo hutembea sambamba na nyuzi. Nyuzi zinazobeba mzigo hazijakatika, zimeachana tu. Mimi huanza kuwa na wasiwasi pale ufa unapokwenda mshazari na kutokea ukingo wa pili, au unapopita katikati ya kiungo. Huo mwite fundi autazame. Mingine iache.

Tena kuna watu wanaoziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Sijui nani aliwafundisha. Mbao hupumua: majira ya mvua ufa hujibana, majira makavu hufunguka. Hiyo dawa yako itasukumwa nje vipande vipande, na boriti itaonekana kama ina ukurutu.

Kinachonifurahisha zaidi katika kazi hii ni vigingi, vile vijiti vinavyogongwa kufungia viungo. Boriti ni mbichi, lakini kigingi kiwe cha mwaloni mkavu, tena uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi. Unatoboa tundu kwenye boriti inayopokea, kisha lile la kwenye ulimi, yaani ncha ya boriti ya pili iliyochongwa iingie ndani ya ile ya kwanza, unalisogeza milimita 2 au 3 kuelekea bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia. Matundu hayalingani, na kwa asiyejua ni kosa la kipimo. Ukigonga kigingi, kinapinda kidogo, kinauvuta ulimi ndani, na kiungo kinafunga hata karatasi haipiti. Miezi ikienda, mbao inasinyaa na kukishika kigingi ambacho chenyewe hakina tena cha kusinyaa. Kausha kila kitu kabla ya kuunganisha, na utakuwa umepoteza nusu ya msaada huo.

Kosa langu mimi lilikuwa misumari. Mwaloni umejaa tanini, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida penye maji huleta weusi. Kwa karne nyingi Ulaya iliandika vitabu kwa wino uliopikwa hivyo hivyo, kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mwaloni. Basi mvua ya kwanza ilikiandika kibanda changu chote, mistari mieusi ikishuka kutoka kila msumari, na muuzaji alikuwa ameniambia msumari wowote unafaa. Nilisafisha kwa asidi ya oksaliki, nikiwa na glavu na miwani, kisha nikaanza upya na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Sakafu ya mawe meupe sikuiwahi. Nguzo hutiririsha maji ya rangi ya chai msimu wa kwanza, kwa hiyo tandika turubai mapema.

Mwaloni mbichi usiutumie kwa mlango, dirisha, wala meza. Huko kila milimita ina kazi yake. Kioo nacho usikibane moja kwa moja kwenye nguzo mbichi; kiache na nafasi, ufunike pengo kwa papi. Nguzo usiizike kwenye zege, maana ncha yake hunywa maji kama utambi. Iketi juu ya jiwe, au kiatu cha chuma hicho hicho kisichoshika kutu. Vanishi sahau. Baada ya mwaka mmoja au miwili jua na mvua vitaipa rangi ya fedha iliyochakaa, ambayo kwangu mimi inapita vanishi yoyote.

Boriti mbili nyingine zimefika wiki hii. Nimezilaza kivulini na kuzipaka nta nchani ili zisikauke upande mmoja kabla ya mwingine. Moja imeshaanza ufa mwembamba kama unywele, mahali hasa nilipotaka kuchonga tundu. Nitaigeuza, upande huo utazame juu, nichonge wa pili yake.