Kabla ya Kumtaja Bingwa wa Tour de France, Tuitazame Siku Yake Mbaya

Mijadala ya barazani kuhusu mbio za baiskeli za Tour de France za mwaka huu wa 2026 imeanza mapema hapa Mombasa, na kwa kiasi kikubwa inaishia pale pale inapoanzia: Tadej Pogačar ana nguvu kuliko wote, kwa hiyo atashinda, na anayebisha amtaje mpandaji mlima mwingine awezaye kumwacha. Sibishani na yeyote kuhusu nguvu zake. Mtu aliyetwaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza msimamo wa jumla, mwaka 2020, 2021, 2024 na 2025, ambaye akiitwaa tena atakuwa sawa na Jacques Anquetil, Eddy Merckx, Bernard Hinault na Miguel Indurain walioshinda mara tano kila mmoja, hahitaji mtetezi kutoka Kibokoni wala Nyali. Ninachokipinga ni kipimo chenyewe. Tunawapima washindani kwa siku zao bora, ilhali mbio za wiki tatu mara nyingi huamuliwa na siku mbaya: itampata nani, itamgharimu dakika ngapi, na nani atakuwa ubavuni mwake itakapomfika.

Hesabu za mwaka 2023 zinatosha kulionyesha jambo hili. Baada ya hatua 15, kila hatua ikiwa ni mbio za siku moja, wakiwa wamekwisha kupita Pirenei na sehemu kubwa ya Alps, Pogačar na mpinzani wake mkuu Jonas Vingegaard walitengana kwa sekunde 10 tu, na mtu yeyote aliyewapima kwa uwezo wa kupanda mlima angelazimika kusema kwamba wanalingana. Baada ya siku ya mapumziko, katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa zilizomalizikia Combloux, Vingegaard alimzidi Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38. Kesho yake, kwenye mlima wa Col de la Loze, Pogačar aliishiwa kabisa, akaiarifu timu yake kwa redio kwamba amekwisha, na hadi mstari wa mwisho alikuwa amepoteza dakika 5 na sekunde 45 kwa mpinzani wake. Siku hizo mbili peke yake ni dakika 7 na sekunde 23, na pengo lao la mwisho walipofika Paris lilikuwa dakika 7 na sekunde 29. Hatua nyingine zote 19, pamoja na mashambulizi yote tuliyoyashangilia, hazikuwatenga hata kwa sekunde 10.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mambo yalikuwa vivyo hivyo. Timu ya Vingegaard, Jumbo-Visma, ilianza kumshambulia Pogačar mbali na mstari wa mwisho, kwenye mlima wa Galibier, mara akichomoka Primož Roglič, mara Vingegaard, na kila mara Pogačar akiwafuata mwenyewe, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuondoka mbioni. Alipofika Col du Granon miguu ilimkataa, akapoteza dakika 2 na sekunde 51 kwa Vingegaard, na mbio nzima ikaja kumalizika kwa tofauti ya dakika 2 na sekunde 43. Yaani hasara ya alasiri moja ilizidi pengo la wiki tatu. Wanaosema kwamba mwaka ule alishindwa na mpandaji bora kuliko yeye wanasema nusu ya jambo, maana alishindwa pia na idadi, na alishindwa na tabia yake ya wakati ule ya kulijibu kila shambulio kana kwamba ndilo la mwisho.

Kwa upande wa Vingegaard, mwaka 2025 unasimulia habari hiyo hiyo kwa kumgeukia yeye. Katika mbio dhidi ya saa za Caen, kwenye njia tambarare ya kilomita 33, alipoteza dakika 1 na sekunde 5 kwa Pogačar. Kwenye mpando wa Hautacam akapoteza dakika 2 na sekunde 10 nyingine. Pengo la mwisho lilikuwa dakika 4 na sekunde 24, kwa hiyo karibu robo tatu yake ilitokana na siku mbili za wiki mbili za mwanzo. Kuanzia Mont Ventoux hadi La Plagne, ambako alivuka mstari mbele ya Pogačar, walikuwa wakipimana kwa sekunde tu. Ndiyo sababu siwaungi mkono wale wanaomfuta Vingegaard katika orodha kwa kuutazama msimamo wa mwisho peke yake. Mtu aliyelipoteza Tour kwa siku mbili na kuzihimili zilizosalia, kisha akaenda kushinda Vuelta, mbio za wiki tatu za Uhispania, mwaka huo huo, hajapungua kitu. Tusisahau pia kwamba mwezi Aprili 2024 alianguka vibaya katika mbio za nchi ya Basque, akavunjika mtulinga na mbavu na pafu likapata jeraha, na bado mwezi Julai alimshinda Pogačar ana kwa ana kwenye mstari wa Le Lioran.

Kipimo changu cha pili, cha mtu aliye ubavuni, wengi wetu tunakielewa kwa miili yetu wenyewe, ila tunakisahau tunapozungumza. Anayeendesha kutoka kisiwani hadi Kilifi mwezi wa Julai anajua kwamba kwenda ni rahisi, lakini wakati wa kurudi kusi linampiga usoni, na kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, ambako hakuna nyumba wala mnazi wa kumkinga, mwenye nguvu kuliko wote akiwa peke yake atafika Mtwapa nyuma ya watu wanne wa kawaida wanaopokezana mbele. Milima hatuna, na kwa wengi wetu mpando wa kutoka Kombani kwenda Kwale ndio mrefu tunaoufahamu, lakini somo la upepo tumelisoma vizuri. Mlimani, kasi inapopungua, faida ya kujikinga upepo hupungua pia, lakini mwenza bado ana kazi: anakushikia mwendo usiokuua, anakuletea maji na chakula, na anakufanya usibabaike.

Mfano bora wa kazi hiyo ni wa mtu tunayemdai sisi Wakenya, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 kabla ya kukimbia kwa jina la Uingereza. Mwaka 2013, siku ambayo Alpe d'Huez ulipandwa mara mbili, alikuwa na jezi ya njano na mwili ukamwishia sukari karibu na kileleni. Mwenzake Richie Porte alirudi kwenye gari la timu kumchukulia chakula, ingawa kanuni hazikuruhusu tena kupokea chakula mahali pale, na wote wawili wakaadhibiwa kwa sekunde 20. Sekunde hizo zilikuwa bei ndogo mno kwa kulinganisha na alichokuwa akielekea kukipoteza. Mwaka 2015, kwenye mlima huo huo, katika hatua ya mwisho kabla ya Paris, Froome alianza siku akiwa na akiba ya dakika 2 na sekunde 38 mbele ya Nairo Quintana. Quintana alichomoka, na Froome aliyekuwa akiteseka akavutwa hadi juu na Wout Poels na Porte, akashinda Tour kwa dakika 1 na sekunde 12. Watu wanakumbuka mashambulizi yake ya miaka ile. Mimi naona kwamba alasiri zile mbili za Alpe d'Huez, alizozimaliza akiwa dhaifu, zinaueleza ubingwa wake kwa usahihi zaidi.

Nautaja mlima huo kwa makusudi. Njia ya mwaka huu inaanzia Barcelona tarehe 4 Julai kwa mbio za timu dhidi ya saa, na Alpe d'Huez utafikiwa siku mbili mfululizo, hatua ya 19 na ya 20, tarehe 24 na 25. Siku ya kwanza watapanda kwa njia iliyozoeleka yenye kona 21. Siku ya pili watapita Croix de Fer, Télégraphe na Galibier, ambao kilele chake kina urefu wa mita 2,642, kisha waingie kwa mlango wa nyuma kupitia Sarenne. Ni siku yenye mpando wa takriban mita 5,600 kwa jumla, baada ya karibu wiki tatu za uchovu. Waandaaji wameweka mtihani wa timu mwanzoni na mtihani wa uchovu mwishoni, na kwa maoni yangu hiyo ni njia inayomwadhibu mtu mwenye siku moja mbaya kuliko inavyomzawadia mwenye siku moja nzuri. Atakayeishiwa tarehe 24 hatapata usiku wa kutosha kujirekebisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaompa Mbelgiji Remco Evenepoel nafasi ya kushinda. Uwezo wake dhidi ya saa hauna mpinzani: ni bingwa wa dunia wa mwaka 2023, 2024 na 2025, taji hilo la mwisho akilitwaa hapa jirani mjini Kigali, na dhahabu mbili za Olimpiki ya Paris ni zake. Alikuwa wa tatu katika Tour ya 2024. Lakini siku yake mbaya haina sakafu. Katika Vuelta ya 2023, siku ya milima ya Aubisque na Tourmalet, alipoteza dakika 27, na kesho yake akashinda hatua kwa ujasiri ulionigusa sana. Mwaka 2025 alijitoa katika Tour akiwa kwenye Tourmalet huo huo. Kuhamia kwake Red Bull–Bora–Hansgrohe kunampa wenza wa mlimani aliowakosa, akiwemo Florian Lipowitz, Mjerumani aliyetokea kwenye mbio za theluji na kulenga shabaha, aliyemaliza wa tatu mwaka 2025. Swali ni kama Lipowitz atakubali kumsubiri mtu ambaye huenda akawa nyuma yake.

Ipo pia siku mbaya ya kichwa, ambayo barazani huwa hatuipi uzito wowote. Isaac Del Toro, kijana wa Meksiko, alikuwa na jezi ya waridi, ya anayeongoza Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, mwaka 2025 hadi hatua ya 20. Kwenye mlima wa Colle delle Finestre yeye na Richard Carapaz walibaki wakitazamana, kila mmoja akimtaka mwenzake afanye kazi, huku Simon Yates akizidi kwenda zake na mwenzake wa timu Wout van Aert akimngoja mbele ili amvute bondeni. Del Toro alilala akiwa nyuma ya Yates kwa karibu dakika 4 wakati miguu yake ilikuwa mizima. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba Yates mwenyewe, mwaka 2018, aliporomoka kwenye mlima huo huo siku Froome alipotoroka kwa kilomita 80 na kulitwaa Giro. UAE, timu ya Pogačar na Del Toro, ikimpeleka kijana huyu Ufaransa, Pogačar atapata mwenza aliyekwisha kulipia somo ambalo yeye mwenyewe alilipia Granon.

Wengi wetu moyo uko kwa Biniam Girmay, na wangu pia uko huko. Mwaka 2024 Mwiritrea huyu alishinda hatua tatu na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, na sisi tuliosubiri tangu Daniel Teklehaimanot alipovaa jezi ya madoa, ya kinara wa milima, mwaka 2015 hatukuona haya kulia. Lakini jezi ya kijani ina hesabu zake, za pointi na kasi ya mita mia mbili za mwisho, na kumtaja Girmay katika mjadala wa jezi ya njano ni kumdhulumu kwa kumpima na kazi asiyoiomba.

Kwa hiyo nami namweka Pogačar wa kwanza, ila kwa sababu tofauti na ile ninayoisikia. Katika Tour mbili zilizofuata Loze, siku zake dhaifu zilimgharimu sekunde, wala si dakika. Siku ya Loze yenyewe ilikuwa na chanzo kinachoeleweka, kwani alivunjika kifundo cha mkono katika mbio za Liège, Ubelgiji, mwezi Aprili 2023 na akaja Tour akiwa na mazoezi pungufu. Tangu wakati huo amejifunza kumwacha mpinzani achomoke bila kumkimbilia papo hapo, na ana timu inayoweza kumbeba. Vingegaard namweka wa pili kwa umbali mdogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sharti kwamba azimalize wiki mbili za mwanzo bila Hautacam nyingine. Akifika chini ya Alpe d'Huez akiwa ndani ya dakika moja, nitaketi mbele ya runinga tarehe 24 nikiamini lolote laweza kutokea. Nafasi ya tatu nampa Lipowitz mbele ya Evenepoel, na mzee mmoja wa barazani petu, ambaye ni mfuasi mkubwa wa yule Mbelgiji, amekwisha kuniambia kwamba atanikumbusha.