Flashi ya Mama Kwaya

Laptopu yangu ina umri wa mtoto aliyekwisha kumaliza darasa la saba. Windows 11 iliikataa mlangoni, na Windows 10 ilishaachwa bila huduma tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi wa mtaani akasema ananipigia Windows 10 hiyohiyo kwa elfu kumi na tano. Nikamwona mtu wa zamani. Napiga mfumo wa Linux mwenyewe, bure!

Kwanza niokoe mafaili yangu. Nikaazima flashi kwa Mama Kwaya, ya GB 16, nyekundu, imefungwa kipande cha kitenge isipotee.

"Humo mna biti za nyimbo za Jumapili, mwanangu. Zikipotea, utaimba wewe."

Nikahamisha mafaili, nikaiacha flashi palepale ilipochomekwa, nikaanza kupiga Linux Mint. Kila kitu kilikwenda kama mboga ya mlenda mpaka kwenye swali dogo la mwisho: butiloda iwekwe wapi? Butiloda ndiyo programu inayoutangulia mfumo kuamka, kisha ikauamsha mzima. Kwenye mashine kongwe kama yangu, kipande chake cha kwanza hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, baiti 446 tu, kama urefu wa SMS tatu. Nikaonyeshwa pa kuchagua: sda, diski yenyewe, GB 500, sdb, flashi ya kupigia, sdc, GB 16.

Nikatafakari kisomi. Kitu kidogo kikae mahali padogo, kisinibanie diski. Nikachagua sdc.

Nikawasha upya. Ikaamka vizuri! BIOS, ile inayochagua mashine iamkie wapi, nilikuwa nimeiambia ianze na USB, sikuirudisha, na flashi ya Mama ilikuwa bado imechomekwa. Siku tatu nikatamba. Nilipita mbele ya kibanda cha fundi mara mbili bila sababu, laptopu ikiwa wazi mkononi.

Jumamosi jioni Mama Kwaya akamtuma mtoto aje kuchukua flashi. Usiku nawasha laptopu, inasema haioni mfumo wowote. Nikatoa betri, nikaipuliza, nikairudisha. Wapi! Nikalala nikiliona jino la fundi likicheka.

Jumapili kanisani, wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili ukiwa katikati, umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, na kompyuta ya mitambo nayo ikajiwasha upya, flashi nyekundu ikiwa imo ubavuni. Projekta ikaangaza ukuta mzima: "error: no such device", ikifuatwa na mlolongo wa tarakimu na herufi kama tokeni ya luku iliyorogwa, na chini yake "grub rescue>", kimstari kikikonyeza.

Mzee wa kiti cha mbele akamgeukia mjukuu wake. "Rescue ndiyo nini?"

"Kuokoa, babu."

"Amina!"

Amina ile ikapokewa kiti kwa kiti mpaka nyuma nilipokaa mimi, jasho likinitiririka. Neno "grub", jina la butiloda niliyoipiga, ndilo lililonifumbua macho. Zile ni baiti zangu 446! Zilikuwa zikiita diski yangu mbele ya waumini wote, na diski iko nyumbani chini ya kitanda.

Nikatembea hadi mbele. Kijana wa mitambo alikuwa anapiga enta kama anayetwanga kisamvu. Nikachomoa flashi, nikawasha upya, nikasubiri kompyuta iamke, ndipo nikaichomeka tena. Biti ikalia. Vigelegele!

Baada ya ibada nikamfuata Mama Kwaya. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kumbe kile kilikuwa nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye roho safi angesema ukweli. "Virusi, Mama."

"Si nilijua! Flashi ikiazimwa inarudi na magonjwa. Haya, nenda nayo ukaitibu."

Nyumbani nikaichomeka, laptopu ikaamka kama haijafanya kitu. Nikaandika sudo grub-install /dev/sda, amri ya kuweka butiloda kwenye diski yenyewe, na ile "a" ya mwisho nikaihakiki kama namba ya mtu unayemtumia kodi ya nyumba. Nikachomoa flashi, nikawasha. Ikaamka yenyewe. Ndipo nikahamisha biti pembeni na kuifuta flashi zile baiti 446 za mwanzo. Si 512, maana zinazofuata ndizo zenye ramani ya flashi, na sauti yangu naijua.

Jumapili iliyofuata Mama Kwaya alinisubiri mlangoni na mfuko wenye flashi kumi na moja. Nyuma yake wamesimama akina mama wengine wa kwaya.

"Ndiye huyu," akawaambia. "Anatibu bure."