Mzee wa Uongo Katika Kidaka Changu

Nyumbani kwangu, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, pana mzee wa uongo. Amevaa mbao, ana vifundo viwili vya rangi ya shaba, na usoni kioo kinachowaka kwa rangi ya chai ya mkandaa. Mgeni akiingia hutamani kumwamkia shikamoo. Hana hata miaka miwili, na alitoka kiwandani akiwa hivyo hivyo, mzee.

Ni redio. Aliinunua mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Mombasa, kwa sababu siku moja niliteleza ulimi nikamwambia kwamba naikumbuka redio ya marehemu baba. Watoto wa siku hizi usiwaambie unakumbuka kitu. Ningesema namkumbuka punda wa babu, sijui kingeletwa nini. Ikaja na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, ikapanda punda hadi mlangoni, na ujumbe wa simu nyuma yake: "Baba, umbo la kale lakini ndani ni ya kisasa. Ina waifai, ina Bluetooth, inashika redio za dunia nzima kwenye intaneti."

Redio ya baba nayo ilishika dunia nzima, tena haikumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa sanduku la mti hasa, na waya wake ukipanda hadi juu ya paa la makuti. Jioni, masafa mafupi yanapoanza kudunda huko angani na kurudi chini, baba hukishika kifundo kwa vidole viwili kama tabibu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. London inakuja, London inakwenda, kama wimbi, na sisi watoto tumekatazwa hata kukohoa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na kwa vile baba alivyokaa kuisikiliza ungedhani ilianzishwa kwa ajili yake. Mawe ya betri yakichoka yalianikwa juani pamoja na ng'onda. Kesho yake London inasema tena. Inanuka samaki kidogo, lakini inasema.

Huyu wangu mawe hataki. Anataka umeme, na akishapata umeme anataka lugha. Siku ya kwanza nilipomchomeka aliniuliza tuzungumze kwa lugha gani, akanipangia Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na nyingine ambazo sina meno ya kuzitamkia. Kiswahili hamna. Kitu kimekuja Lamu kukaa nasi, kinakula umeme wetu, na salamu hakijui. Nikachagua Kiingereza cha shule. Akaniuliza neno la siri.

La intaneti, kumbe. Na intaneti yenyewe ni ya jirani, tunachangiana mwisho wa mwezi. Nikapiga hodi. Jirani akasita, akatazama vidole vya miguu yake, akasema, "Mzee wangu, usichukie. Niliiweka kabla hatujaanza kuchangiana. Neno lenyewe ni nunualakobwana."

Sasa sikieni namna ya kuliandika. Hakuna vitufe vya herufi. Unazungusha kifundo, herufi zinapita moja moja kama punda wa mchanga, na ikifika yako unabonyeza. Ukiipitisha, unazunguka tena mpaka irudi. Herufi 14. Nimekaa chini kwenye mkeka, mke wangu ananitazama, binti yangu ananitazama, wajukuu wawili wananitazama, nami najitukana mwenyewe herufi kwa herufi: n, u, n, u, a... Nilipofika kwenye "bwana", mjukuu aliyekwisha kujua kusoma alikuwa akinisaidia kwa sauti, na huko mtaani wapitao wanasikia.

Ikakubali. Ikasema inajisasisha, nisiizime. Asilimia 3. Asilimia 9. Asilimia 40, tukala. Asilimia 71, umeme ukakatika. Uliporudi ikaniuliza tuzungumze kwa lugha gani.

Tuje kwenye mahali pa kuiweka. Mimi nilishapachagua: katika kidaka cha katikati, kile kishimo cha ukutani bibi yangu alimokuwa akiweka sahani zake za kaure. Ilikaa kama imezaliwa pale. Tatizo ni kwamba nyumba hii waliijenga watu waliotaka mambo ya ndani yabaki ndani. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, unene nusu mita, na joto la saa saba mchana halijawahi kuupenya, itakuwa waifai? Mtandao wa jirani unafika kiwandani, yaani pale uani, unasogea mpaka mlango wa chumba, unachungulia, unarudi. Redio ikiwa ndani ya kidaka inazungusha kiduara tu. Nikaisogeza mlangoni, mtandao ukasogea nyuma. Mwisho tulipopata maelewano ni juu darini, penye kamba ya kuanikia nguo. Basi kwa mwezi mzima nilisikiliza habari za dunia nikiwa nimekaa kati ya shuka mbichi. Nikihitajika chini, mke wangu anamwambia mgeni, "Yuko juu, na redio," kwa sauti ile ya kusema mtu yuko hospitali.

Siku nisiyo na la kufanya nikaikagua vizuri. Kioo kimeandikwa majina ya miji kama redio za kale za Ulaya: Hilversum, Luxembourg, na mengine ya huko huko. Nimetafuta Mombasa, nimetafuta hata Nairobi. Halafu ule mshale mwekundu. Nimezungusha kifundo mpaka kidole kikauma, mshale hautikisiki. Nikasogeza miwani. Jamani, umechorwa! Mshale ni rangi. Unaonyesha Luxembourg tangu siku ulipozaliwa na utaonyesha Luxembourg mpaka kiama.

Nikambebea fundi wa milango, rafiki yangu, mtu ambaye mbambakofi na mvule wanamjua kwa jina. Hakuiwasha. Aliigonga kwa ukucha mara moja, akaigeuza, akachokoa kona moja kwa ncha ya patasi, akanitazama kwa huruma. "Huu si mti," akasema. "Huu ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na juu wamebandika picha ya mti." Na kweli, msimu wa kusi uliofuata, kwa unyevu wetu huu wa chumvi, kona ile ikaanza kuumuka kama mkate wa mofa.

Sishangai sana, maana hapa kwetu tunajua uzee una soko. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na nyumba nimeziona kule Shela zilizomalizika mwaka juzi zikapakwa chokaa zionekane zimewahi kulaza sultani, ndani kiyoyozi kinanguruma. Ila nyumba hizo angalau kuta zake ni za kweli.

Bando nalo lina hadithi yake. Jirani alikuja na karatasi. Kijana wake alikuwa amemfanyia hesabu: redio ya intaneti ikipiga kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inameza kama megabaiti 58. Mimi nasikiliza saa nne kwa siku. Kwa mwezi ni gigabaiti karibu 7. "Mzee wangu," akasema, "hii si redio, huyu ni ng'ombe wa maziwa uliyemfunga kwangu akila majani." Nikamjibu kwamba neno la siri lilishaniambia cha kufanya, ila bado najikusanya.

Nikahamia Bluetooth. Mwanangu alinieleza kwa simu kwamba jina hilo ni la mfalme, Harald Bluetooth wa Denmark, wa karne ya 10, aliyewaunganisha watu wake. Hongera zake. Watu ameweza; redio na simu zilizolala kidaka kimoja anashindwa mpaka nizime vyote viwili na kusoma Bismillahi. Na siku anapoweza, anaunganisha anavyotaka yeye. Jioni moja nimeishusha redio hadi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, wazee wanne tumekaa, tunangoja taarifa ya habari. Redio ikalia kidogo, ikajiunga na simu ya mke wangu aliye ndani, na mbele ya wazee wale ikatoka sauti ya shoga yake, safi, nzito, ya stirio: "Shoga, na lile sanduku la mumeo limeshajua kusema?" Marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa redio, angekuwa hai, ningempelekea kesi hii akaiulize kwenye *Je, Huu ni Ungwana?*

Yote hayo ningesamehe. Kilichonivunja ni mpira.

Agosti 2025, CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, imekuja kwetu, robo fainali, Kenya na Madagascar pale Kasarani. Mimi niko na redio yangu ya intaneti darini. Chini yangu, kwenye kona, muuza kahawa ana redio yake ndogo ya mkulima, imefungwa kwa mpira wa ndala, mlango wa mawe umepotea zamani. Mimi nilikuwa sijui kwamba habari ya intaneti huchelewa. Inakusanywa, inafungwa, inasafirishwa, inapumzishwa kidogo, ndipo unapewa. Nusu dakika nzima nyuma ya FM. Kumbe wenzangu wa chini wanaishi leo, mimi naishi jana.

Kenya ikafunga: chini wakaruka, kwangu mtangazaji bado anahesabu watu uwanjani. Madagascar ikasawazisha: chini kimya, kwangu tunashangilia bado. 1-1, muda wa nyongeza ukaisha, tukaenda penalti. Wallahi sijapata kuona adhabu kama ile. Mchezaji wetu anaweka mpira chini, mtangazaji wangu anapandisha sauti, anarudi nyuma hatua mbili, na mimi nimeshasikia "Aaaah!" ya kona nzima. Nimekaa na shuka zangu nasubiri kukosa penalti ambayo imeshakosekana. Walipotutoa 4-3 mimi nilijua mapema kuliko redio yangu, nikateremka ngazi, na nyuma yangu ikabaki juu inatumaini peke yake.

(Ramadhani ndiyo sithubutu kabisa. Jua la Lamu hutangulia la Mombasa kutua kwa dakika kama 5, kwa hiyo adhana ya redio za Mombasa haitufai hata ikija kwa FM. Ongeza nusu dakika ya huyu, uji unapoa.)

Asubuhi yake nilikwenda dukani nikanunua redio ndogo ya mkulima na mawe mawili. Nikaitia katika kidaka cha katikati, nyuma ya ile kubwa, waya wake nimeutoa kwa pembeni. Mzee wa uongo nimemwacha mbele anawaka kioo chake, kwa kuwa mke wangu anasema anapendeza.

Wiki iliyopita mwanangu kaja likizo. Akaingia, akakuta taarifa ya habari inatiririka kidakani bila kukwama, akasimama na mabegi mkononi. "Baba! Umeizoea! Sikiliza hiyo sauti, si nilikuambia?"

"Ndoo ukae, mwanangu," nikamwambia, "kitu cha kisasa hiki."

Akatoa simu, akaipiga picha redio, akaipeleka kwa wenzake wa kazini, akakaa kunywa kahawa. Mjukuu akafungua mdomo kusema neno, nikampa tende. Na pale pale nikasikia sauti ya msomaji wa habari inaanza kuwa nzito, inakokota maneno, ile ya mawe yanayotaka jua.